Swali Nililompelekea Mwalimu Elisha

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na tatu, nasomea kipaimara, nilipomtia mama yangu aibu asiyoistahili, na nilimtia kwa kusema kweli. Nalitaja hilo mapema ili asije mtu akakaa mkao wa kusikiliza hadithi za mashetani. Mashetani yamo, au tuseme watu walisema yamo, lakini siyo yaliyotuumiza.

Tulikuwa Unguja, miaka ya hamsini, Ng'ambo, mtaa ambao ukipiga chafya jirani wa nyumba ya tatu anakuombea afya. Baba alikuwa seremala. Alitoka Usambara kufuata kazi, akaipata kwa Mhindi mmoja mjini, akawa anatengeneza makabati na milango. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya Bi Zuwena, mjane mnene, mcheshi, aliyesali sala zake zote tano na bado akapata nafasi ya kujua kila nyumba imepika nini. Sisi tulikuwa Walutheri. Watu wa mtaani waliwajua Wakristo wa makanisa makubwa ya mjini, yale yenye kengele. Sisi kengele hatukuwa nayo. Tulikuwa nyumba chache tu, wote watu wa bara, tukisali katika chumba kirefu kilichopakwa chokaa, juu ya mabenchi aliyoyapiga baba kwa mbao za masanduku. Bi Zuwena alituita watu wa kanisa dogo, wala hakuwa na nia mbaya.

Mchungaji alikuwa wetu kwa jina tu. Alikuja na meli kutoka Dar es Salaam mara mbili au tatu kwa mwaka, akabatiza, akagawa Chakula cha Bwana, akaondoka. Siku nyingine zote kundi lilikuwa mikononi mwa Mwalimu Elisha, mwinjilisti, kijana ambaye hata thelathini hajafika, mwembamba, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka kola inasimama. Jumatano na Jumamosi alasiri alitufundisha kipaimara sisi watoto watano. Tulikariri maswali na majibu: amri na maelezo yake, imani, sala, ubatizo, meza ya Bwana, neno kwa neno, na ukiruka hata neno moja unaanza upya.

Nilimpenda mwalimu yule, sifichi. Mtoto wa kike kusifiwa kwa akili siku zile halikuwa jambo la kila siku, naye alinisifu mbele ya wavulana. Siku moja alisema kwamba Naomi angekuwa mvulana tungempeleka bara kwenye chuo cha ualimu. Maneno hayo niliyala wiki nzima, sikuhitaji kitoweo. Mama hakujua kusoma, lakini majibu alikuwa anayajua kabla yangu. Nilikariri uani yeye akikuna nazi, na nikikwama alinimalizia bila kuinua kichwa, halafu akaniambia nirudie.

Kati yangu na mdogo wangu Yohana, mama alikuwa ameshazika watoto wawili, wote kwa degedege. Degedege ni homa inayopanda mpaka mtoto anakakamaa na macho yanapinduka. Hospitali wanayo maelezo yake. Mtaani kwetu walisema ni ndege: shetani katika umbo la ndege anapita juu ya nyumba, kivuli chake kikimwangukia mtoto mchanga au nguo zake ndiyo basi. Kwa sababu hiyo wanawake wa Ng'ambo hawakuacha nguo za mtoto kwenye kamba baada ya magharibi. Mama yangu naye, Mlutheri wa kubatizwa na kubarikiwa, hakuziacha. Alfajiri na mapema anaanika, jua likilegea tu anakimbilia kamba. Baba alimcheka, na mimi nilimcheka, maana nilikuwa msomi.

Yohana alikuwa na miezi minane alipopatwa. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Mama akamkimbiza hospitali, akapewa dawa, wakarudi. Siku ya pili homa ikapanda tena, mtoto akakakamaa mikononi mwake pale uani. Baba yuko kazini. Bi Zuwena akatoka chumbani kwake, akamtazama mtoto, akajitanda kanga, akatoka nje. Hakukawia. Alirudi na sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa wino wa zafarani, mistari inazunguka mpaka ukingoni, kazi ya kaka yake aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Hilo ndilo kombe. Akamimina maji na tone la marashi, maandishi yakayeyuka, maji yakawa ya manjano, akamkabidhi mama kijiko. Alikuja na hirizi pia, kimfuko cha kitambaa cheusi cha kufunga kiunoni.

Mama alikishika kile kijiko bila kukitumia. Mimi nimesimama mlangoni, kitabu changu cha mafundisho mkononi.

"Mama Naomi," Bi Zuwena akamwambia, "mie nshazika, na wewe ushazika. Mpe."

Mama akampa, vijiko vitatu. Hirizi akaifunga mwenyewe kiunoni pa mtoto, chini ya kitambaa cha winda. Kisha akanigeukia akaniambia jambo hili lisitoke mlango ule, na kwamba baba atamwambia mwenyewe akipata mahali pa kuanzia. Nikaitika. Jioni homa ilishuka, na kesho yake Yohana alikuwa ananivuta nywele. Kama ni dawa ya hospitali, kama ni kombe, kama ni maombi aliyopiga mama usoni pa mtoto wakati wote ule, sijui, na miaka yote hii sijajua.

Lakini mimi sasa ndiyo nilishikwa. Wiki ile ile tulikuwa tumefikia mafundisho ya ubatizo, nikayachukua kwa ukamilifu kama nilivyochukua kila kitu. Nikaanza kupiga hesabu zangu. Yohana alibatizwa kwa maji ya kichwani, na maji ya kichwani yamekauka. Kombe limeingia tumboni. Maneno ya mchungaji yalisemwa tu yakapita, haya ya zafarani mtoto ameyanywa. Sasa yapi yana nguvu, ya nje au ya ndani? Hirizi ningeweza kuifungua. Kombe ningelitoa vipi? Na akipatwa tena, akafa kama wale wawili, huko mbinguni watamtazama kichwa au watamtazama tumbo?

Cheka ukitaka. Mimi mwenyewe huwa nacheka, kisha naacha. Mtoto wa Kiislamu asingepata wasiwasi ule, kwake kombe ni dua. Mtoto wa Kilutheri kule Usambara asingeupata, kombe hajaliona. Ilihitaji mtoto aliyekaa katikati, mwenye kitabu mkononi na Bi Zuwena mlango wa pili. Siku tatu sikula vizuri. Nilikuwa nikimbeba Yohana nikimnusa kichwani, kana kwamba ubatizo una harufu nitaweza kujua kama bado upo.

Kumuuliza mama nisingeweza, ningemwambia nini? Baba alikuwa bado hajui. Nikabaki na Mwalimu Elisha. Mara nyingi alikuwa ametuambia tumuulize lolote, na kwamba yanayosemwa pale kwa kutafuta njia hayatoki pale, ni sawa na kumwambia Mungu. Jumamosi wenzangu walipoondoka nikajifanya napanga mabenchi. Nikamuuliza nikiwa nimempa mgongo.

"Mwalimu, mtoto aliyebatizwa akinywa kombe, ubatizo wake unafutika?"

Akafunga kitabu. "Mtoto gani?"

Nikasema mtoto tu. Akaniita jina langu kwa upole, kama baba anavyoniita nikiwa na homa, nami nikafunguka kama mfuko uliochanika. Nilimwambia sahani, vijiko vitatu, hirizi chini ya winda, Bi Zuwena na kaka yake. Nililia. Akaniwekea mkono kichwani, akaomba, akasema nimefanya vema, niende kwa amani, jambo limebaki kati yetu sisi wawili na Mungu. Nilitoka mwepesi. Nilikuwa nimekaribia nyumbani nilipokumbuka kwamba swali langu hakulijibu. Nikajiambia atalijibu Jumatano.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mama alivaa gauni lake la buluu, Yohana kampakata. Mahubiri yalikuwa juu ya amri ya kwanza, na sikushtuka, kwa kuwa alipenda kuhubiri amri ya kwanza. Alipomaliza hakuketi. Alisema katika kundi letu imo nyumba iliyokunywa maji ya dini nyingine na kumfunga mtoto wa Mungu kwa kamba ya uchawi. Watu wakageuka kutazamana. Mimi nilijua kabla hajataja jina. Akamwambia mama asimame.

Mama akasimama na mtoto wake. Mwalimu akamuuliza kama ni kweli, lakini kabla hajajibu akanigeukia mimi.

"Naomi, na wewe simama. Ndugu zangu, mtazameni mtoto huyu. Alikuja kwangu mwenyewe. Ana uaminifu kuliko watu wazima waliomo humu."

Nikasimama. Sikuwahi kumkaidi, na mwili ulisimama wenyewe. Mama alinitazama. Hakuwa na hasira, nasema hili kwa kuwa niliitafuta hasira usoni pake nikaikosa, na ingenisaidia. Alinitazama kama mtu anayehesabu upya waliokuwepo uani siku ile, akaona alikosea hesabu. Baba, aliyekuwa anasikia habari hizi kwa mara ya kwanza, aliinamisha kichwa akawa anatazama mbao za benchi alilolipiga mwenyewe.

"Ni kweli," mama alisema, akaketi.

Hukumu ilitolewa pale pale. Mama ametengwa na meza ya Bwana. Ataruhusiwa kurudi kundini akiileta hirizi, ikachomwa mbele ya watu wote, na akaungama kwa sauti. Na kwetu siku ya kipaimara mzazi wa kike na wa kiume walisimama na mtoto wao madhabahuni, wakala naye chakula kile kwa mara yake ya kwanza. Mchungaji alikuwa anakuja baada ya wiki sita. Kama mama hatakuwa amerudi, nitasimama bila yeye. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu nilipojua kusoma, na katika mawazo yangu yote ya siku hiyo mama alikuwa kulia kwangu.

Watu walipotawanyika nilimfuata Mwalimu. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia alisema habari haitoki pale.

Aliinama ili tutazamane. Alisema haikutoka kwa ubaya, imetoka ili kuponya. Alisema watu wawili wameshatuacha mwaka ule, kundi ni dogo, na akifumba macho kwa mmoja mchungaji atakuja kukuta mabenchi matupu na kumuuliza yeye. Niliona kwamba anaogopa. Leo namwelewa: kijana peke yake katika kisiwa cha watu wa dini nyingine, amepewa kundi la kushika mkononi asilidondoshe. Namwelewa kabisa, na kumwelewa hakujanipunguzia kitu.

"Na swali langu?" nikamuuliza.

"Swali gani?" akasema.

Nyumbani baba hakumpiga mtu wala hakupaza sauti. Alimwambia mama aichome hirizi yaishe. Mama aliketi uani, akaifungua kiunoni mwa Yohana, akaiweka kwenye kiganja. Nilidhani ataipeleka jikoni. Alinawa mikono, akatandaza kitambaa safi, akaifunga humo, akaenda kugonga mlango wa Bi Zuwena, akampa kwa mikono miwili. Bi Zuwena habari alishazipata, Ng'ambo hakuna habari inayolala njiani. Aliuliza kama mtoto ni mzima. Mama akajibu ni mzima. Basi, akasema Bi Zuwena, akaipokea.

Mwalimu Elisha hakulikubali hilo. Kurudisha siyo kuchoma, alisema, na kundi lazima lione. Alikuja nyumbani mara mbili, akaketi ukumbini, akapewa chai. Baba alimsihi mama. Na mimi, niliyelianzisha, nilimsihi kuliko wote. Nilimwambia ni kitambaa na karatasi tu, mama, akaiombe tena kwa Bi Zuwena, ichomwe, asimame na mimi.

Alikuwa anashona gauni langu jeupe la kipaimara. Hakuiacha sindano.

"Mtu kaka yake kakaa chini, kamwandikia Mungu amponye mwanangu. Leo niende nikamwambie, nipe ile dua yako nikaichome watu waone? Nitaishi naye vipi nyumba moja?"

Hilo halikuwamo kitabuni.

Mchungaji alifika. Alikuwa mzee mwenye kikohozi na macho ya kucheka. Siku moja kabla ya ibada alituita mmoja mmoja, akatuhoji, na mwisho akamuuliza kila mtoto kama ana swali lake mwenyewe. Wiki sita nilikuwa nimelibeba. Nikamuuliza lile lile, lakini safari hii nilisema ni mtoto mmoja wa mtaani.

"Haufutiki, binti yangu," alisema, tena bila kufikiri. "Hata anywe bahari nzima. Mungu akishamshika mtoto hamwachi kwa sababu mtu mzima aliogopa." Akakohoa. "Mwalimu wenu analijua hilo vizuri. Hukumuuliza?"

Nikasema nilisahau kumuuliza.

Jibu lilikuwa fupi kiasi hicho. Mwalimu Elisha alikuwa nalo ile Jumamosi, analijua vizuri, na kama angelitamka ningekwenda nyumbani kumbusu Yohana kichwani na mambo yangeishia hapo. Yeye alitaka kujua mtoto gani. Lakini lawama siziishilizi kwa mwalimu. Pale mbele ya mchungaji nilikuwa na nafasi. Ningesema, mtu mzima aliyeogopa ni mama yangu, naye ametengwa, mrudishe. Mzee yule angenisikiliza, naamini. Nilinyamaza. Nilikuwa nimeapa kwamba jambo la nyumbani sitampelekea tena mtu wa kanisa hata ning'olewe meno, na nikaanza kukishika kiapo changu siku ambayo kukivunja kungemsaidia mama.

Kesho yake nilijibu maswali yote bila kukwama. Baba alisimama kushoto kwangu. Kulia palikuwa wazi, na mvulana aliyefuata alisogea kidogo akapajaza. Mama alikuwa benchi la nyuma, Yohana amesinzia begani mwake, na wengine walipokwenda mbele kula na kunywa yeye alijisogeza wapite. Jumatatu mchungaji alipanda meli. Mwaka uliofuata Mwalimu Elisha alihamishiwa bara, akaja mwinjilisti mzee aliyemwambia mama, dada njoo mbele, akaja. Hakuna kilichochomwa.

Watu wangu wa karibu wameniuliza kama nimemsamehe mwalimu. Nimemsamehe zamani, ni kazi nyepesi, sikuwa naishi naye. Imani yenyewe sikuiacha. Nimefundisha kipaimara mwenyewe miaka mingi huku Tanga nilikoolewa, na mtoto akiniletea swali namjibu swali. Sijamuuliza hata mmoja habari ni za nani.

Mama ndiye aliyeniacha na kazi. Hakunigombeza hata siku moja. Alinisuka, alinipikia, siku ya arusi yangu alilia kama kina mama wengine. Ila kuanzia ile Jumapili aliacha kuniambia mambo. Mimba iliyofuata niliijua kwa kuona tumbo. Ugomvi wake na baba niliusikia kwa shangazi. Nikimuuliza hali anasema hatujambo, tunamshukuru Mungu, na anageuza mazungumzo kwa upole ambao huwezi kuulalamikia. Nilidhani nikikua itapita, kisha nikadhani nikizaa itapita.

Alipougua mara ya mwisho nilivuka kwenda Unguja nikamkuta hawezi kuketi. Mwanaisha, bintiye Bi Zuwena, ndiye aliyenieleza: maumivu yameanza lini, dawa gani imekataa, daktari kasema nini. Mwaka mzima alikuwa anajua. Nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia, mimi mwanawe. Alinishika mkono, mkono wake mwepesi sana, akasema, "Nilisahau, mwanangu."

Alifariki siku ya tatu. Wazee wa kanisa walikuja kupanga mazishi, wakaniita mimi kama mkubwa, wakauliza marehemu alipenda aimbiwe wimbo gani na aliacha neno lolote. Niliwaambia wasubiri kidogo, nikatoka, nikapita uani, nikaenda kumuuliza Mwanaisha.